Kisima nilichokiita salama

Leo nimemsalimia mama mmoja kwenye simu, halafu nikakata bila kumwambia nililompigia.

Mwezi uliopita nilipima visima viwili vya kijiji cha Kintinku. Unadondoshea maji kwenye karatasi ya dawa, unaipiga picha, programu niliyoandika inasoma weupe wake. Karatasi ikipauka sana, maji yana floridi nyingi, ile inayoharibu meno na mifupa ya watoto.

Leo nimeipitia tena programu yangu. Kwenye picha kila nukta ni namba ya mwanga, na mimi nilichukulia sifuri ni nyeusi. Zile picha zilihifadhiwa sifuri ikiwa nyeupe.

Majibu yote yamegeuka. Kisima kibaya ndicho nilichokiita salama.

Nikampigia mwenyekiti wa kamati ya maji.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Kile kibaya tulikiziba kwa miiba, wafugaji wakawa wanaiondoa wanyweshe ng'ombe. Basi tumekijaza mawe mpaka juu. Sasa kijiji kizima tunachota kwenye kile chako.”

Kile changu.

Nikasema asante mama, nikakata simu.

Maji ya uji wa watoto huchotwa saa kumi jioni. Saa hizi ni tisa na nusu.

Ninyi mngeanzaje kumwambia?