Gari la Papa Ukingoni mwa Korongo

Papa alikuwa fundi wa malori kwa zaidi ya miaka thelathini, na alipostaafu alirudi nyumbani kwetu Kanyosha na sanduku lake la spana, mgongo mbovu, na sikio la kushoto lisilosikia tena. Mama alitumaini kwamba atalima mboga nyuma ya nyumba. Haukupita mwezi, lori likasimama mlangoni, wapagazi wakashusha makasha manne marefu ya mbao, na Papa akayapokea akiwa amevaa shati lake la kanisani.

Ndani ya makasha mlikuwa na gari. Lilikuwa gari dogo la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, la aina ile ambayo kiwanda huuza vipandevipande ili mnunuzi aliunge mwenyewe nyumbani kwake. Mwenye gari alikuwa mwalimu mmoja Mzungu aliyeishi mtaa wa Kiriri, na Papa alimtengenezea magari yake miaka mingi. Mzee yule alikuwa akingoja kustaafu ndipo aanze kuliunga. Maradhi yakamuwahi, akarudishwa kwao, na kabla ya kuondoka akaagiza makasha yapelekwe kwa fundi wake.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kiingereza. Papa alisoma Kifaransa kwa shida, na Kiingereza hakukijua kabisa. Mimi nilikuwa nafundisha Kiingereza sekondari, na nilikuwa nimerudi kuishi kwa wazazi baada ya ndoa yangu kuvunjika. Basi kazi ikawa yetu sote wawili. Nikitoka shule nilikaa juu ya kreti ya bia iliyopinduliwa, nikasoma na kutafsiri, naye akanigeuzia sikio lake zima. Nilijifunza majina ya vitu ambavyo sikuwahi kuviangalia maishani mwangu. Yeye alijifunza kuningoja nimalize sentensi.

Garaji lilikuwa mwisho wa kiwanja. Mlango wake ulitazama ua, ukuta wake wa nyuma ulitazama korongo. Nilipokuwa mtoto, kati ya ukuta ule na korongo kulikuwa na migomba, njia ya watu na nyumba nzima ya jirani. Mto uliopita chini ulikuwa mdogo, kiangazi tuliuruka bila kulowa, lakini mvua zikianza ulishuka kutoka milimani ukiwa mwekundu, umebeba mawe, ukila kingo zake. Kila masika kitu fulani kiliondoka. Makasha yalipofika, nyuma ya garaji zilikuwa zimebaki hatua kumi na mbili. Nilizihesabu kwa miguu yangu mwenyewe, nikanyamaza, kwa sababu Papa alikuwa anapiga mluzi, na sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu utoto wangu.

Tulianza na shasi, mabomba ya chuma yaliyounganishwa kama mbavu, tukaiweka juu ya vyuma vinne. Injini Papa aliitoa kwenye gari kuukuu la jamaa yake lililokuwa limelala miaka uani. Aliifungua yote, akaiosha, akaipanga juu ya magunia. Mgongo ulimsumbua, lakini alipoinama juu ya injini ile nilimwona kama kijana.

Siku moja nilidondosha nati. Ilibingirika polepole, ikapita chini ya shasi, ikaenda kusimama kwenye pembe ya nyuma. Juma lililofuata boliti ikafanya vivyo hivyo, pembe ileile. Papa akasema waliomwaga sakafu ile walikuwa walevi. Kisha nikaanza kusikia kitu kingine. Alipogonga chuma kwa nyundo, sakafu iliitika kama pipa tupu. Nilimtazama usoni. Hakuonyesha dalili yoyote, nami nikajiambia ni lile sikio lake.

Jirani yetu wa pembeni, naye ukingoni mwa korongo kama sisi, alikuwa mama mmoja aliyetoka Uvira, muuza ndagala, dagaa wa ziwani. Mwezi wa kumi na moja jiko lake lilianguka asubuhi akiwa sokoni. Aliporudi alikuta ukuta mmoja umesimama na masufuria yako chini mtoni. Mchana ule alikuja kwa Papa, akasimama mlangoni mwa garaji bila kuingia.

“Papa, mi naenda,” alisema. “Jiko yangu haiko tena. Na nyinyi muende.”

Papa alimshukuru. Alimsaidia hata kupakia magodoro. Halafu akarudi akaniambia tuendelee na breki.

Mambo yalijulikana siku ya kupima usawa. Kitabu kilisema pembe zote nne za shasi lazima ziwe sawasawa, na pembe ya nyuma kushoto ilikataa. Tulikuwa tumeisawazisha jana yake, leo ilikuwa chini tena. Pale chini palikuwa na kifuniko cha kasha kimoja, ubao mpana, mrefu kama upana wa garaji, ambao Papa aliutandika akisema unazuia mafuta kumwagika. Nikauinua ili niweke kile chuma vizuri.

Chini yake kulikuwa na ufa. Mkono wangu ungeingia mpaka kwenye kiwiko. Ulikata sakafu kutoka ukuta hadi ukuta, na kutoka ndani yake ilipanda harufu ya udongo mbichi na hewa baridi. Kandokando yake kulikuwa na mistari ya kalamu ya risasi, na kwenye kila mstari tarehe, kwa mwandiko wa Papa. Nikasoma moja baada ya nyingine. Ya kwanza ilikuwa ya kabla ya makasha kufika.

“Papa, hii ni nini?”

Alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Funika.”

“Unajua tangu lini?”

“Tangu masika iliyopita.”

“Na Mama?”

“Mama yako apana. Akijua tutahama leo, na hii itabaki vipande.” Aliweka mkono juu ya shasi. “Mi nimetengeneza magari ya watu maisha yangu yote, mutoto wangu. Hata moja haikuwa yangu. Siku itatembea, tutatoka nayo hapa. Nipe miezi miwili.”

Nilifunika. Watu wengine nikiwasimulia huniuliza kwa nini, nami nimewahi kutoa majibu mengi, lakini kilichotokea ni hicho. Nilishusha ubao, nikakaa juu ya kreti, nikafungua ukurasa tuliouacha.

Miezi miwili ikawa minne. Kila Jumamosi tuliinua ubao tukapima pamoja, naye akaandika tarehe. Watu wa komini, serikali ya mtaa, walipita wakachora alama nyekundu kwenye kuta za nyumba zilizo ukingoni, yetu ikiwemo, wakatuambia tuondoke kabla ya mvua kubwa. Papa aliwaitikia kwa heshima. Mama akauliza tutakwenda lini, akajibiwa kwamba tunatafuta nyumba. Ulikuwa uongo, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikitikisa kichwa kukubali.

Mama alikuwa na mazoea ya kuchambua maharage nyuma ya garaji alasiri, kwenye kivuli cha ukuta. Nilianza kurudi shule nikikimbia. Nikimkuta pale nilimwambia nimeona nyoka kwenye majani. Siku nyingine nilisema moshi wa takataka utamdhuru kifua. Alikuwa akinitazama kidogo, anakusanya ungo wake, anahamia barazani. Nyuma yake zilikuwa zimebaki hatua nne.

Injini iliwaka Jumamosi moja ya mwezi wa nne, saa tisa mchana, baada ya mvua ya siku tatu. Gari halikuwa na rangi, na kiti kilikuwa kimoja tu. Papa alikaa, akageuza ufunguo, injini ikakohoa, ikazimika, akageuza tena. Ilipokubali, sauti yake ilijaza garaji lote, na juu ya meza spana zikaanza kusogea zenyewe. Papa alikuwa analia bila kuficha. Akaniashiria kwa mkono nifungue mlango mkubwa.

Haukufunguka. Nilivuta, nikasukuma kwa bega. Mbao za juu zilikuwa zimeshuka zikaukalia mlango, na mabawa yake ya chuma yalikuwa yamepinda katikati. Sisi tulikuwa tukiingia kwa mlango mdogo wa pembeni, na kwa majuma mengi hakuna aliyejaribu ule mkubwa. Papa alishuka, injini akaiacha ikiunguruma. Alichukua nyundo kubwa akaanza kuuvunja ukuta kando ya mlango. Kila pigo liliangusha vumbi kutoka darini. Nilimwambia azime. Sijui kama alinisikia.

Mama aliingia kwa mlango mdogo, mikono ikiwa na povu la sabuni. Alimtazama yeye, akalitazama gari, hakuniangalia mimi.

“Mzee, toka,” alisema.

“Kidogo tu. Imebaki kidogo.”

Hapo mwanga uliingia kutoka nyuma. Ukuta wa nyuma uliondoka wote pamoja, polepole, kwa nje, na mahali pake nikaona ng'ambo ya korongo, nyumba na nguo zilizoanikwa kwenye kamba. Sakafu ikavunjika pale pale kwenye mistari yetu. Magurudumu ya nyuma yalizama, pua ya gari ikainuka, na Papa akatupa nyundo akalidaka bomba la mbele kwa mikono miwili, kana kwamba angeweza kulishikilia. Nilimkamata mkanda. Viatu vyake vilikuwa vinateleza. Mama alipita mbele yangu, akashika vidole vya Papa, akavifungua kimoja kimoja bila haraka, kama anavyomfungulia mtoto ngumi. Papa akaachia.

Gari lilishuka kinyumenyume injini ikiwa bado inaunguruma. Tuliisikia sauti ile kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea, halafu tukausikia mto peke yake.

Tuliondoka mchana uleule. Muumini mwenzake Mama alitupa vyumba viwili Kinama, upande wa pili wa mji. Nyumba yetu haikuanguka siku ile. Iliondoka kidogo kidogo kwa majuma mawili, chumba changu kikatangulia.

Papa aliniomba nisishuke kulitazama gari. Nilishuka wakati wa kiangazi. Wachimba mchanga walikuwa wameshachukua magurudumu na kile kiti, na bodi yake ya plastiki ngumu ilikuwa imepasuka vipande vidogo vyeupe, vimetawanyika kwenye mawe. Shasi ilikuwa imezama nusu mchangani. Sikumwambia Papa kwamba nilikwenda. Sasa anatengeneza pikipiki za majirani barazani, hupewa chai na maneno mazuri, na hajawahi kulitaja gari lile mbele yangu.

Kwa Mama nilisema yote. Nilimkuta anaosha mchele, nikamweleza ubao, mistari, ile miezi. Aliendelea kuosha mpaka nikamaliza.

“Nilijua,” alisema. “Mi ndiye nilikuwa nafagia mule asubuhi, nyinyi mukilala. Niliinua ile ubao kabla yako.”

Nikamuuliza kwa nini basi alikaa kimya.

“Niliwangoja. Yeye namujua, hangesema. Nilikuwa nangoja wewe.”

Hakunigombeza, wala hajalirudia neno hilo. Tunapika pamoja, tunakwenda misa pamoja, hunisifu mbele ya wageni. Ila mvua ikinyesha na mimi nikiwa wa kwanza kuchungulia, nikamwambia imekatika, huweka chini alichoshika, akatoka nje kuangalia mwenyewe.