Siku Niliyomtafsiria Mgombea

Shule niliishia darasa la saba, na silifichi hilo, maana yote yaliyofuata niliyafanya kwa magoti yangu mwenyewe. Mimi naweka vigae. Ingia nyumba za wakubwa wa kompyuta kule Markham, nje kidogo ya jiji letu, vua viatu mlangoni, na ukiona sakafu imetulia kama maji kwenye beseni, jua mkono wangu umepita hapo. Nina magari matatu ya kazi na mafundi tisa, na wawili kati yao wana digrii.

Kwa hiyo mama mmoja aliyekuwa akigombea ubunge wa Ontario alipotaka kuzungumza na Waswahili wa maghorofa yetu ya Etobicoke, watu hawakuhangaika kutafuta mkalimani. Walinipigia mimi. Wasingepiga, ningepiga mwenyewe.

Tulikutana kwenye ukumbi wa chini, kando ya chumba cha kufulia nguo. Kina mama walileta sambusa na chupa za chai, lakini walichokuja nacho hasa ni swali moja. Basi lililokuwa likiingia mpaka mlangoni kwetu lilikuwa limeondolewa. Wengi wao hutunza wazee, kazi inaanza alfajiri, na tangu basi liondoke walikuwa wakitembea dakika ishirini kwenye theluji mpaka barabara kubwa. Mama mmoja wa Kigoma alikuwa ameshateleza akavunjika mkono. Walitaka kujua tu kama basi linarudi au halirudi.

Sasa, ukalimani niliujulia uwanjani Dodoma, kwenye mikutano ya injili, nikiwa kijana. Akija mhubiri kutoka ng'ambo, mkalimani wetu hakusimama kama nguzo. Mhubiri akiinua mkono, naye anainua. Akipiga hatua, naye anapiga. Mhubiri akitoa neno limepoa, mkalimani analitoa linachemka. Huo ndio ukalimani ninaoujua, na ndio niliompa yule mama.

Alianza na elimu. Alisema madarasa yana watoto wengi mno, na angependa sekondari zifundishe ufundi kwa dhati. Nikawaambia watu anajenga shule mpya, na walimu wake watakuwa mafundi kama mimi. Makofi. Akaja kwenye kodi. Angependa wenye biashara ndogo wapunguziwe kidogo, ila hospitali na shule zinahitaji pesa, kwa hiyo asingemdanganya mtu kwamba kodi itakwisha. Sehemu ya pili niliiona ndefu, nikaiacha. Makofi yakazidi. Mgombea akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Nadhani hakuwahi kushangiliwa namna ile kwa habari ya kodi. Akawa anatembea huku na huku, mimi nyuma yake hatua kwa hatua, mikono yetu inapanda na kushuka pamoja. Tulipendeza.

Ndipo mama wa Kigoma akasimama, mkono ukiwa kwenye plasta, akauliza habari ya basi. Mgombea alijibu taratibu, kwa kirefu, na uso ulimshuka kidogo. Nikaugeukia ukumbi, nikanyoosha mikono yote miwili, nikatangaza kwamba basi linarudi.

Vigelegele. Kina mama wakakumbatiana. Katikati ya kelele hizo akasimama binti yangu mkubwa, anayesoma chuo kikuu, ambaye tangu chekechea nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza.

"Baba, hajasema hivyo."

Kwa Kiswahili. Mbele za watu. Watu wakamgeukia, na mimi kabla sijapata aibu nilipata furaha, nikashindwa hata kufunga mdomo.

"Mwanangu, njoo mbele," mama wa Kigoma akamwambia. "Kasemaje?"

Binti akaja. Kiswahili chake kilitembea kama mtu aliyekufa ganzi mguu, lakini kilifika. Alisema mabasi ni kazi ya jiji na huyu mama anagombea bunge la Ontario, kwa hiyo hawezi kuahidi basi. Anachoweza ni kudai bunge lilipe jiji pesa za mabasi, na kuwasumbua wakubwa wa jiji mpaka wachoke naye.

Mama wa Kigoma akanigeukia. "Kaka," akasema, "wewe bakia kwenye vigae."

Walicheka, nami nikacheka, ningefanya nini. Binti alipomweleza mgombea shule niliyomjengea na kodi niliyomfutia, mama huyo alishika mbavu, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha akaomba kila kitu kirudiwe upya, na binti akarudia. Safari hii hakuna aliyepiga makofi, ila hakuna aliyeondoka. Mwisho kina mama wakashauriana, wakasema kama hana basi la kuahidi, miguu anayo. Aje atembee nao.

Akauliza saa ngapi. Wakamwambia saa kumi na moja alfajiri.

Jumatatu alikuja, tena amemburuta na diwani wa jiji aliyevaa viatu vya ofisini. Tulitembea sote kwenye giza, binti yangu akitafsiri njia nzima. Diwani alianguka mara mbili. Mara ya pili mama wa Kigoma ndiye aliyemwinua, kwa mkono wake mzima, akimpa pole kama mtoto.

Mgombea alishinda uchaguzi. Aliwasumbua wakubwa kweli, na diwani naye alikuwa na goti la kumkumbusha. Kabla theluji ya msimu uliofuata haijaanguka, basi likarudi, asubuhi na jioni. Siku ya kwanza niliacha magari yangu matatu yamelala, nikapanda, nikakaa kiti cha mbele kabisa.

"Na wewe umefuata nini humu?" mama wa Kigoma akaniuliza.

Nikamwambia nimekuja kukagua kazi yangu.