Alasiri Yetu Kwenye Ghala la Samli

Enzi zetu, jamani, kitu kikilegea kilikazwa. Siku hizi kikilegea kinatupwa, na aliyekitupa anasimama mkono kiunoni kama aliyefanya kazi. Juzi nimewaona vijana wa mtaani kwetu Kibokoni wakifanya hivyo hivyo, nikachemka mpaka mtoto niliyempakata akaamka. Basi nawaandikia nyinyi wa rika langu, maana hawa wadogo hata ukiwaambia hawasikii.

Mwakumbuka tulivyotoka chuoni kusoma Kurani, viganja vyawaka kwa bakora ya mwalimu, tukapita kwa muuza kaimati, tukalamba shira mpaka kwenye viwiko, kisha tukakimbilia barabara ya Ndia Kuu kuwatazama wasukumaji wa troli, vile vigari vya relini? Kwa troli ndivyo alivyoingia mjini Bwana Nurali, Mhindi mwenye picha zinazotembea, na masanduku yake ya bati. Akakodi ghala la samli. Wanaume wakawa wanakwenda kila usiku, wakirudi wanasimulia mpaka chakula kinapoa. Wanawake, hapana. Ami yangu, kaka yake baba, alisema mwanamke akiona picha inatembea atapiga mayowe na kuzirai.

"Shemeji," mama akamwambia, "si wewe uliyerudi jana mbio kutoka kwenye picha, kiatu kimoja hakipo?"

Mama akawakusanya wanawake wa mtaa, wakashikilia mpaka wakapewa alasiri moja. Moja tu, kwani kesho yake Bwana Nurali alikuwa anapanda gari la moshi kwenda bara. Sharti lilikuwa kwamba hakuna mwanamume ndani. Yeye na mitambo yake wakae nyuma ya pazia la turubai, mwanga upite kwenye tundu. Tukajazana humo, mabuibui yamevuliwa, madirisha yamezibwa kwa magunia, joto, harufu ya samli na asumini. Nje, barazani, ami na wenzake wameketi wanangoja kutucheka.

Hatujakaa vizuri, ukanda wa picha ukakatika.

Kwa kawaida si neno. Bwana Nurali alikuwa na meza yake ya kuungia: magurudumu mawili yanatazamana, moja lina mkono wa kuzungushia. Unazungusha, ukanda unahama huku kwenda kule mpaka uone palipokatika, unakwangua, unatia gundi, umemaliza. Lakini siku hiyo mkono ulikuwa umelegea. Unazunguka peke yake, gurudumu limetulia kama halihusiki. Sisi watoto tuliruhusiwa kuchungulia, nikamwona anautia mafuta ya nazi. Alikuwa ameshakaa nasi vya kutosha kuambukizwa: mlango ukilia, mafuta ya nazi, mtoto akikohoa, mafuta ya nazi. Mkono ukazidi kuteleza.

"Mama zangu, leo haiwezekani," akasema nyuma ya pazia.

"Haiwezekani kwa nani?" mama akamrudi. "Wanaume umewaonyesha mpaka wamechoka. Hatutoki hapa!" Akanituma mbio nikamwite baba, aliyekuwa fundi wa saa.

Baba akaingia kwa mlango wa nyuma. Tukamsikia anapangusa mafuta, anagonga, ananyamaza, anagonga tena. Bi Mwanaisha, jirani yetu mwenye ulimi, akashindwa kuvumilia. "Fundi! Kilicholegea ni hicho, au ni wewe?"

Ghala zima likaangua kicheko. Baba hakubabaika. "Tundu limelika," akasema. "Hata ukikaza vipi, utacheza. Nataka kabari ya shaba, nyembamba, na nikienda kuitafuta dukani taa hii ya mtambo itakuwa imeshazimika."

Mama akafungua kidau chake cha wanja, akatoa kijiti cha shaba alichopewa siku ya harusi yake, akakipitisha chini ya pazia. Baba akakitambua.

"Nikikikata hakirudi tena kama kilivyokuwa," akasema.

"Kata. Wanja nimeshapaka."

Akakata, akakipigilia ndani ya tundu, akazungusha. Safari hii gurudumu likafuata mkono. Ukanda ukaungwa, na ukutani akatokea Mzungu, mwanamke, anamkogesha mtoto kwenye karai, mtoto hataki, anarusha mateke, maji yanamrukia mamake usoni. Hakuna aliyezirai. "Mshike mguu, mwanamke! Mguu!" walipiga kelele. "Maji ya moto hayo, huoni?" Bi Mwanaisha alicheka mpaka akalia. Ami akabisha hodi kuuliza kuna nini humo.

"Tumezirai!" mama akamjibu, na mlango haukufunguliwa.

Sasa pana nyumba nzuri ya picha, ina mabenchi, na vijana waliovaa kofia upande wanajiona wao ndio waliozivumbua picha. Mwanamke akienda, aenda na mumewe, aketi nyuma. Siku ya wanawake hakuna aliyetunyang'anya. Hatukuiomba tena, ikafa. Hilo ndilo linaloniuma, na nalisema wazi. Wiki iliyopita nilikwenda. Ukanda haukukatika hata mara moja. Kikaja kichekesho, nikacheka kwa sauti, kama nilivyolelewa kucheka, na safu nzima ya wanawake wakageuka kunitazama.