Neno Alilolijibu Wakesho Stesheni ya Voi

Wifi yangu Wakesho alikuwa na kinywa kilichojulikana stesheni nzima ya Voi. Tulishuka pamoja kutoka vilima vya Sagalla na vikapu vya ndizi, na kabla sijatua changu yeye alikuwa ameshamtania karani na kumwambia abiria mwenye koti kwamba ndizi zetu zingemwondolea huzuni. Mimi nilisimama kando nikiuza kwa maneno yake. Mumewe, kaka yangu Nyambu, alijaza maji injini za gari la moshi.

Hali ya hatari ilipotangazwa tulidhani ni mambo ya bara. Kwetu iliingia polepole. Gazeti ambalo karani alitusomea liliacha kuja, na aliyeuliza sababu aliambiwa asiulize. Barua zilifika zimekatwa ubavuni na kubandikwa tena. Watu wakaanza kuongea huku wakitazama nyuma. Kisha yakaja magari ya moshi yenye waya madirishani, yakipeleka wafungwa kwenye kambi za porini. Amri ilikuwa fupi: likisimama gari la namna hiyo, raia asiseme nalo, hata salamu.

Moja lilisimama asubuhi kuchukua maji. Askari walijipanga na bunduki. Sisi wauzaji tulirudi nyuma hadi ukutani. Palikuwa kimya hata nikasikia maji yakiingia kwenye injini.

Sauti ikatoka nyuma ya waya. Ya mwanamume, imekauka.

"Mama, hapa ni wapi?"

Askari akagonga behewa kwa kitako cha bunduki.

"Mama, tafadhali. Hapa ni wapi?"

Nilimshika Wakesho mkono.

"Voi," akasema. Kisha, kwa sauti aliyouzia ndizi: "Mko Voi!"

Nikalisikia neno likipita ndani, mtu akimpa mwenzake, Voi, Voi, mpaka behewa la mwisho.

Askari wawili wakamchukua. Nyambu alikuwa juu ya injini, ameshika bomba la maji. Hakushuka. Bunduki nyingine ilikuwa imemwelekea yeye.

Kesho yake niliitwa mimi. Afisa alikaa na mkalimani.

"Alisema nini?"

"Alisema Voi, bwana."

"Maana yake?"

"Ni hapa. Hapa tulipo."

Afisa akapiga meza. Aliamini ni neno la siri. Waliniuliza lile lile hadi jioni, na kila nilipolirudia, jina la mji wetu lilizidi kusikika kama uongo, hata masikioni mwangu.

Wakesho alirudi mvua za vuli zilipokuwa zimenyesha mara mbili. Nyambu alikuwa ameshafukuzwa kazi, nao wakabaki kulima Sagalla, maji wakiyafuata mbali. Hakusimulia alikokuwa. Ukimwuliza kitu aliitikia kwa kichwa. Binti yao Mghoi, ambaye alimwacha akinyonya, alijifunza kusema kwangu.

Miaka mingi baada ya uhuru, chifu aliitisha baraza kuhusu maji. Mghoi, sasa mke wa mtu, akasimama na kumwuliza mabomba tuliyoahidiwa yameishia wapi. Wakesho akaikamata leso ya bintiye kwa nyuma, akavuta.

"Keti. Keti, mwanangu."

Mghoi aliutoa mkono ule taratibu, akaendelea. Chifu akakunja uso, akajitetea vibaya, watu wakamcheka. Askari wake aliendelea kuegemea baiskeli. Hakuna aliyechukuliwa. Wakesho hakumwondolea macho askari yule mpaka baraza likavunjika.

Njiani nikamwambia, "Umeona, wifi? Amesema, na sasa anarudi nyumbani kwake."

"Leo," akanijibu.

Wanangu hudhani kusema ni kama kupumua, na sitaki kuwatia hofu. Lakini najua bei iliyowahi kutozwa kwa jina la mahali tu, na yule mwanamume aliyeuliza sikuwahi kujua kama alirudi kwao.

Tulimzika Wakesho mwaka uliofuata. Wengi walisimama kumsifu kwamba alikuwa mama mpole, asiye na maneno. Nyambu alinitazama kutoka upande wa pili wa kaburi. Ni sisi wawili tu tuliokuwa tumebaki, pale, wa kujua kwamba hakuzaliwa hivyo.