Weupe Uliomfichia Mama Nyota

Mwaka ule nilikuwa nikifundisha sayansi darasa la watu wazima pale kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Tulianza saa tisa alasiri, mabati yakiwa bado yanalia kwa joto, na wanafunzi wengi walikuwa wamenizidi umri. Mmoja wao alikuwa fundi cherehani kutoka Kongo, mtu wa miaka hamsini na kitu, aliyekaa dawati la mbele na utepe wa kupimia nguo shingoni. Aliandika kila nilichosema, hata mizaha.

Siku moja nilifundisha kwamba nyota ni majua kama hili letu, ila ziko mbali mno, na kwamba idadi yake inaushinda mchanga wa mto Tarach. Niliona nimelieleza vizuri. Fundi akainuka polepole.

"Mwalimu, niko na ulizo," alisema. "Kama kila upande kuna jua, na nyuma ya jua kuna jua lingine, hii giza ya usiku inatoka wapi? Mbingu ingepashwa kuwa nyeupe yote."

Miaka kumi na tano ya ualimu, na sikuwahi kujiuliza jambo hilo. Nikakiri kwamba sijui, nikaahidi kwenda kulitafuta jibu. Darasa likacheka, lakini si kwa dharau. Nadhani waliwahi kuona watu wengi wenye vyeo wakijibu wasichokijua.

Wiki hiyohiyo nikapigiwa simu kutoka Kaikor, nyumbani kwetu. Mama yangu alikuwa amemsimamisha punda njiani, akamsalimu "ejok", akamuuliza habari za watoto wake. Kijiji kizima kilikuwa kimecheka, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, lakini sasa siri yake ilikuwa nje. Kumbe kwa miaka miwili alikuwa haoni. Mbuzi wake aliwatambua kwa sauti na kwa kuwapapasa migongo, na hakuna aliyegundua.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Lodwar, nikamsihi ashuke. Alikataa. Alisema macho ya mzee yameshaona ya kutosha, yaachwe yapumzike. Nilipomkumbusha kwamba kitindamimba wangu ana miaka mitatu, na kwamba nilipompeleka Kaikor mwaka jana alimpapasa tu uso pasipo kuuona, aliuliza lori la Lodwar linaondoka lini.

Nilimpokea Lodwar, nikamshika mkono hadi hospitalini. Daktari alimwangalia kwa tochi ndogo akasema ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili, na kwamba wataanza na la kulia, la kushoto lingoje ziara yao ijayo. Nikamtafsiria Mama kwa Kiturkana, neno kwa neno. Akataka kujua baba wa mtoto huyo ni nani, maana yeye ni mjane. Muuguzi aliyekuwa akimtayarisha ilibidi aweke chini kile alichoshika, acheke kwanza.

Upasuaji haukuchukua muda. Alasiri tulikaa kwenye benchi la veranda, jicho lake la kulia likiwa chini ya bandeji. Kwa kuwa hatukuwa na la kufanya ila kungoja, nikamsimulia swali la fundi: kwa nini kuna giza, ilhali mbingu imejaa majua?

Mama akanigeukia.

"Ninyi hudhani niko gizani," alisema. "Mimi sina giza. Niko ndani ya maziwa. Kila ninakogeuka ni peupe tu, na ndiyo sababu sioni kitu. Huyo rafiki yako asiombe mbingu nyeupe."

Tangu nipigiwe simu ile, kila nilipomfikiria mama yangu, nilimwona kama mtu aliyefungiwa chumba chenye giza. Nilimhurumia kwa jambo ambalo halikuwa lake.

Jioni nikamwandikia mwalimu aliyenifundisha fizikia chuoni, ambaye sasa amestaafu. Jibu lilinifikia asubuhi, ujumbe mrefu usio na nukta hata moja. Alieleza kwamba nuru nayo husafiri, na safari huchukua muda. Ulimwengu ulikuwa na mwanzo, kwa hiyo kuna nuru ya mbali mno ambayo tangu wakati huo haijapata nafasi ya kutufikia. Nilimsomea Mama tukiwa kwenye foleni ya kufunguliwa bandeji. Aliuliza kama siku hiyo ya kwanza nyota zote zilianza safari pamoja. Nikasema tuchukulie hivyo.

"Basi ni kama mifugo kwenda kisimani," alisema. "Wa karibu wamefika, wanakunywa. Wa mbali bado wanatembea. Ukisimama kisimani utasema upande ule hauna mbuzi."

Nilitoa kalamu nikayaandika maneno hayo nyuma ya kadi yake ya hospitali.

Muuguzi akaifungua bandeji. Kwanza Mama aliutazama mkono wake mwenyewe, akaugeuza mbele na nyuma. Kisha akatazama sweta ya kijani ya muuguzi, akaigusa. Kisha akanigeukia mimi, akanitazama hadi nikaona haya.

"Umezeeka," alisema. "Na hukuniambia."

Alicheka mpaka muuguzi akamwonya asitikise kichwa. Mimi nilikuwa nikicheka pia, na machozi yananitoka, na sikuyafuta.

Nilimpeleka Kakuma akae kwetu, kwa sababu alihitaji dawa ya matone mara nne kwa siku. Kitindamimba wangu alijificha nyuma ya mlango alipoiona miwani nyeusi ambayo Mama alipewa hospitalini. Mama akaketi chini, akaivua, akafumba macho na kunyoosha mikono. Mtoto akasogea, akaacha uso wake upapaswe kama zamani: paji, pua, kidevu. Hapo ndipo Mama akafumbua jicho. "Ndiye," alisema, basi.

Jumatatu nikalijibu darasa kwa mfano wa kisima, nikataja wazi kwamba mfano si wangu. Fundi aliandika, akasoma alichoandika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaomba aende kumwamkia mwenye mfano.

Walikuja Jumamosi, saa moja jioni, yeye na wenzake sita, wakiwa na sukari na majani ya chai. Umeme haukuwepo mtaani, na safari hii hakuna aliyelalamika. Tukatandika mikeka nyuma ya nyumba. Mama aliwaonyesha Kilimia, lile fungu dogo la nyota, kwa kidole, mimi nikitafsiri, akaeleza jinsi mama yake mwenyewe alivyomfundisha kuzihesabu nyota zake akiwa anachunga. Akahesabu sita. Fundi akahesabu tano, akasema sindano imemla macho. Wakabishana kwa lugha mbili, kila mmoja asiijue ya mwenzake, wakafika mahali wakaacha kunisubiri nitafsiri. Mwanamke mmoja wa Burundi akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na wengine wakamfuata.

Mama alikaa kwetu wiki tatu, kisha mbuzi wake wakamwita. Nikamtafutia nafasi mbele ya lori, karibu na dereva, nikamfungia miwani yake kwenye leso. Kesho yake dereva akanipigia simu. Nilishtuka, nikauliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna tatizo, wamefika salama, ila mama yangu hakusinzia hata kidogo njia nzima. Alimtajia kila mti na kila kilima. Mara mbili alimsimamisha katikati ya barabara, bila sababu nyingine yoyote ila atazame ngamia wakipita.