Mtu wa Kumwita Bajan

Nilianza kuteseka mwaka 2002, nikiwa na miaka hamsini na mbili. Mwanangu alinileta Maryland nimlelee watoto, kisha mkewe akanichoka. Sikubembeleza mtu. Nilibeba sanduku langu nikapanga chumba Takoma Park, kwenye fleti ya mpaka rangi mmoja mzee, aliyefiwa na mkewe, akanifundisha kazi yake. Mimi nimeishia darasa la nne na Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji. Tulielewana.

Wakenya wa kanisani kwetu walimwita "yule Mjamaika". Kwetu sisi, kila mtu mweusi wa visiwa vile ni Mjamaika, basi. Siku moja nami nikamwita hivyo tukiwa kazini. Akashuka ngazi, akaweka brashi chini.

"Wewe ni Mganda?"

"Hapana."

"Basi na mimi si Mjamaika. Jamaika sijawahi hata kukanyaga. Mimi ni Bajan."

Alilitamka Beijani. Kwao ni Barbados, na akaniambia kwamba Mbarbados ni jina la ofisini. Bajan ndilo la nyumbani, wanaloitana wenyewe kwa wenyewe wakicheka au wakigombana. Jumamosi alipika ugali wenye bamia ndani. Nilimwambia ameuharibu. Akasema Bajan hula hivyo, nami nile ninyamaze.

Miaka michache baadaye akaenda kwao, mara ya kwanza tangu ujana wake. Alinunua shati jipya na kofia. Akarudi kabla ya siku zake, akakaa jikoni bila kuvua koti.

"Unajua waliniitaje? Yankee. Mmarekani. Dukani, kwenye basi, hata watoto wa dada yangu. Yankee anataka maji baridi. Yankee jua limemshinda."

"Walikutania tu, mzee."

"Wiki ya kwanza, ndiyo, walitania."

Tangu hapo hakulitamka tena neno Bajan. Akiulizwa anatoka wapi, alijibu, "Hapa hapa, Takoma Park." Ugali wa bamia ukakoma. Baadaye figo zake zikafa, na daktari akamrudisha nyumbani afie kitandani mwake.

Hakuomba kitu. Lakini nilijua anachokosa, na mimi sikuwa nacho. Mkisii amwite mtu Bajan, itamsaidia nini? Nikaanza kutafuta mtu wa kwao. Kwenye maduka ya vyakula vya visiwani nilikuta Wajamaika, Watrinidad, Waguyana. Bajan hakuna. Nilimpata nilipokuwa nimeacha kutafuta: nesi mstaafu kule Upper Marlboro, niliyekuwa nampakia rangi sebuleni. Alinikemea kwa tone moja lililoanguka sakafuni. "Mimi ni Bajan," akasema, "kazi ya ovyo sipokei." Nikamweleza habari yote papo hapo, brashi mkononi.

Jumapili akaja na kofia yake ya kanisani. Hakutoa salamu. Akasimama kando ya kitanda.

"Parokia gani?"

Kisiwa chao kimegawanywa kwa parokia, na hilo ndilo swali lao la kwanza wakikutana. Mzee alikuwa amefumba macho.

"St. Lucy," akasema.

"Ndiyo maana. Huko nyuma ya mgongo wa Mungu. Hata umeme mliusikia kwa majirani."

Akafungua macho. "Na wewe?"

"St. Philip."

"Wezi wa miwa."

"Bajan gani wewe," yule mama akasema, "umelala na mgeni amesimama?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa, na akikohoa akawa analia. Nikaenda jikoni kuchemsha maji ya ugali. Yule mama akanifuata, akaninyang'anya mwiko.

Mzee alikula vijiko viwili. Wiki ile ile akafa. Jiwe la kaburi nilinunua mimi: jina lake, na chini neno moja, Bajan.

Nimekwenda kwetu tangu wakati huo. Watoto wa ndugu yangu waliniita Mmarekani. Niliwaacha waseme.

Leo nina nyumba ya matofali Beltsville, deni limekwisha. Nina gari la kazi. Ngazi tatu. Brashi za mzee. Sufuria yake ya ugali. Na kiwanja cha kaburi kando ya lake, jiwe bado halijaandikwa kitu.