Mama Hakuruhusiwa Kununua

Kuna siku moja huwa nakumbuka kila nionapo meza ya kuuzia vitu, mwanangu Muthoni, na juzi ulipotualika shuleni kwako Ruiru kutazama soko la wanafunzi wako, ilinirudia yote. Watoto walikuwa wametengeneza sabuni, juisi na mishumaa. Wazazi wakaja na magari yao kutoka mtaa wa Membley, kila mmoja akanunua kwa mwanawe, na kabla hata chai haijaiva meza zote zilikuwa tupu. Ulifurahi, nami nikapiga makofi. Lakini uliponirudisha nyumbani Ngoliba uliniuliza kama naumwa. Siumwi. Nilikuwa namkumbuka nyanya yako, mama yangu, ambaye hukubahatika kumwona.

Nilikuwa kidato cha pili huko Thika. Mwalimu Kariuki, aliyetufundisha biashara, alikuwa na sauti ndogo na hakupenda kabisa kuandika ubaoni. Alitugawa vikundi, akataka kila kikundi kitengeneze kitu na kukiuza siku ya wazazi. Kikundi ambacho hakingeuza kingerudia kazi yote likizoni. Tena aliweka sharti: hakuna kumuuzia mzazi wala jamaa.

"Mama yako atanunua hata ukimuuzia mawe," alituambia. "Nitafutieni mtu asiyewajua."

Kikundi chetu kilikuwa cha wasichana watupu. Tulifuma vitambaa vya makochi kwa uzi mweupe pe, tukavipiga pasi, tukavitandaza mezani. Mimi nilijigamba kwamba kizuri chajiuza. Basi kizuri chetu kilikaa pale asubuhi nzima, watu wakikishika na kukirudisha.

Ndipo nikamwona mama akiingia langoni na gauni lake la kanisani, pesa kazishika mkononi. Sharti nikalisahau palepale. Nikamwita, nikamwekea kitambaa mkononi. Mwalimu alikuwa nyuma yangu. Alimsalimu mama kwa heshima, akamweleza lile sharti. Mama akarudisha pesa kwenye mkoba, lakini kitambaa hakukiachilia.

"Kwa hivyo leo mimi ni mgeni?" akauliza.

"Leo ndiyo, mama," Mwalimu akajibu.

"Haya. Kama mimi ni mgeni, sinunui. Wairimu mwanangu, kwetu kuna vumbi na moshi wa kuni. Hii nyeupe nitaifua mara ngapi? Kwani mlitengenezea nani?"

Nilienda nyuma ya darasa nikalia, na mama hakunifuata. Hilo liliniuma kuliko maneno yake. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mama hakunichelea, na bado alilia. Shangazi aliniambia nikiwa mtu mzima kwamba siku ile alilia njia yote hadi nyumbani.

Likizo hiyo tulipita nyumba kwa nyumba mtaani, safari hii tukiuliza kwanza watu wanataka nini. Karibu wote walisema yaleyale ya mama. Tukavitia vile vitambaa rangi ya kahawia, na shule zilipofunguliwa Mwalimu akatuita tena na meza yetu, akatupa alama siku hiyohiyo. Mama alifika jioni. Sharti lilikuwa limekwisha.

"Sasa nimekuja kununua," akasema.

"Vimeisha, mama."

"Vimeisha? Nani amenunua?"

"Hata siwajui."

"Ngai, Mungu wangu!" Alicheka hadi akashika meza. Sijawahi kumwona mtu akifurahi hivyo kwa kukosa kitu.

Nimeuza mapazia Thika maisha yangu yote, na wateja wema nimewapata wengi. Lakini namtamani yule mmoja aliyekataa kununua, mwanangu. Nyakati nyingine mwanamke wa umri wake husimama mlangoni pa duka, nami huinuka kabla sijajua kwa nini. Ningetoa mengi aingie mara moja tu, ashike pazia, aniambie halifai.

Basi nisikilize, wewe na wengine wote mnaofundisha watoto kazi ya mikono. Muhula ujao waambie wazazi wasinunue. Wapeleke wanafunzi sokoni Juja, wasimame mbele ya watu wasiowaonea huruma. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakirudi na bidhaa zao mikononi, usizinunue wewe kwa siri. Nakujua, una moyo mwepesi kama wangu. Waache wanune, kisha waulize walimtengenezea nani. Hapo ndipo somo linapoanzia, na wewe utatamani kuwabembeleza. Jizuie.

Mungu akubariki, mwanangu, abariki na mikono ya hao watoto. Akupe miaka mingi, uishi uwaone wakisimama pasipo wewe.